Kadi ya kazi ya jikoni Washington: ipate kwa dola kumi, usiliwe hela

Kwanza tuelewane, naongelea jimbo la Washington, huku kwetu Seattle, Kent, Tukwila, Tacoma mpaka kule Spokane, sio Washington ya Ikulu, maana kila nikimwelekeza mtu kwenye simu swali la kwanza ni hilo. Mi nipo jikoni huku mwaka wa saba sasa, nilianzia kuosha vyombo, na karibu kila mwezi kuna mtu ananipigia, dada nimepata kazi wameniambia nije na kadi, kadi gani hiyo? Basi naandika mara moja, mwenye kuuliza nitamtumia hii.

Sisi tuliotoka Bongo au Kenya tukisikia kadi ya mtu wa chakula akili inakimbilia kwenye kikopo. Unakijua kikopo. Unaamka alfajiri, unaenda kituo cha afya na choo chako kwenye kikopo kidogo, mkojo kwenye kingine, wanakuangalia kucha na ngozi, unalipa, unagongewa muhuri, miezi sita ikiisha unarudi tena, na siku bwana afya akitokea mgahawani kila mtu anapekua pochi kutafuta kadi. Huku hakuna kikopo. Mama mmoja Mkongo aliyekuja kutoka kambi ya Nyarugusu tulikuwa naye kazi moja, alinunua kabisa kikopo akanipigia kuniuliza akipeleke wapi, tulicheka mpaka leo tukionana tunacheka. Kadi ya huku ni masomo na mtihani. Tumbo lako hawalipimi, ila wanakukabidhi wewe ulichunge, na hiyo nitaielezea chini maana ndio sehemu ngumu kuliko mtihani wenyewe.

Hatua ya 1: Jua kama inakuhusu na una siku ngapi

Inamhusu yeyote anayeshika chakula ambacho hakijafungwa, au vyombo vya chakula, au sehemu ambayo chakula kinawekwa. Kwahiyo muosha vyombo yumo, usidanganywe kwamba ni ya wapishi tu. Wa kukata matunda yumo, wa kahawa yumo, wa kantini ya shule yumo, wa jikoni hospitali yumo. Mtu anayeuza soda na biskuti za pakiti tu huyo haimhusu.

Ukishaajiriwa una siku 14, na ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Wengine wanakwambia njoo nayo kabla ya kuanza, sawa, dola kumi isikukoseshe kazi. Kabla hujaipata mwajiri naye anatakiwa akupe maelekezo ya usalama wa chakula kabla hujashika kitu, kwahiyo akikutupia aproni siku ya kwanza akasema anza tu, muulize.

Hatua ya 2: Usigoogle, andika anwani mwenyewe

Hapa ndipo watu wanaliwa na mi nililiwa. Niliandika kwenye Google kadi ya chakula Washington, nikabonyeza ya kwanza kabisa juu, kumbe ni tangazo, picha ya mpishi mwenye kofia ndefu, bendera ya Marekani, nikalipa, nikafanya mtihani nikiwa kwenye basi, dakika ishirini tayari, nikatumiwa cheti kina muhuri wa dhahabu pembeni. Meneja akakiangalia, akanirudishia, akasema hiki hakifanyi kazi jimbo hili. Kilichoniuma ni kwamba kile cheti kilikuwa kizuri kuliko kadi ya kweli, ya kweli ni kikaratasi tu.

Kwahiyo ishike hivi: mtandaoni kadi halali ya Washington inatoka sehemu moja tu, foodworkercard.wa.gov. Iandike herufi kwa herufi juu kwenye ile sehemu ya anwani, mwisho lazima uone wa.gov, ukiona dot com toka. Tovuti hiyo inaendeshwa na idara ya afya ya Tacoma-Pierce kwa niaba ya idara zote za afya za jimbo zima, kwahiyo hata ukiwa Yakima au Spokane ni hiyohiyo, unachagua tu kaunti yako. Bei ni dola 10. Njia nyingine halali ni kwenda kwa idara ya afya ya kaunti yako yenyewe, kama hauelewani na kompyuta piga simu uwaulize wanafundishaje ana kwa ana.

Na watu mliohamia kutoka Texas au California na vyeti vyenu vya huko, poleni, huku havipokelewi. Hata vile vya kampuni kubwa zinazojulikana nchi nzima. Sio feki, ni vya huko, sheria ya hapa inataka kadi ya hapa. Ila ukishakuwa na ya hapa inatembea kaunti zote, ukihama Kent kwenda Vancouver ya mpakani na Oregon bado iko hai.

Hatua ya 3: Lugha

Ukifungua tovuti tafuta kwanza pa kuchagua lugha kabla hujaanza chochote, maana nimeona mtu amefanya video yote kwa Kiingereza anatoka jasho, kumbe lugha anayoijua vizuri ilikuwa pale juu. Kama yako haipo piga simu idara ya afya ya kaunti, hata kama Kiingereza chako ni cha maneno mawili sema "Swahili interpreter" usubiri kwenye laini. Ofisi zinazopokea hela za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964 zisimwache mtu nje kwa sababu ya lugha, na mkalimani haulipii wewe. Usione aibu, wenyewe wamezoea. Na usimbebe mtoto wa darasa la tano akawe mkalimani wako, haelewi nyama imeiva kwa digrii ngapi.

Halafu kuna ile ya kufanyiwa mtihani na mpwa. Najua inafanyika. Shida ni kwamba mkaguzi akija jikoni hamuulizi mpwa, anakusimamia wewe ulivyo na kisu mkononi anakuuliza kuku anatakiwa afike ngapi, na meneja anakuangalia.

Hatua ya 4: Soma, na usome namba

Kuna kitabu cha kujifunzia, bure, unakipakua kwenye tovuti hiyohiyo, unaweza kukiprinti maktaba. Kuna na video. Mi nakushauri soma kitabu kwanza jioni mbili tatu ndio uingie kwenye video, kwasababu video inakimbia.

Namba kubwa ni mbili, 41 na 135. Ni za Farenhaiti, kwetu ni kama 5 na 57 za Selsiasi. Katikati hapo wenyewe wanapaita denja zoni, yaani eneo la hatari, vijidudu vinazaana kama vimealikwa. Chakula cha baridi kikae 41 au chini, cha moto kikae 135 au juu. Ukikariri hizo mbili umeshajibu maswali mengi tu.

Sasa za kuivisha. Kuku 165. Nyama ya kusaga 158. Samaki, mayai, nyama nzima ya ng'ombe au nguruwe 145. Kiporo unachopasha ili kikae kwenye meza ya moto, 165 tena. Mboga za kuweka kwenye meza ya moto 135. Kitu kimoja kitakusumbua kama kilivyonisumbua mimi, sisi tumelelewa kupima kwa macho. Siku yangu ya tatu kwenye grili nilikuwa na paja la kuku, rangi kahawia nzuri, ngozi inapasuka pembeni, ukilibonyeza maji yanatoka meupe, kwa jicho la mama yangu hilo limeiva na limepitiliza. Supavaiza akaja akachomeka themomita pale penye nyama nene, pembeni ya mfupa, maana ukigusa mfupa inakudanganya, namba zikapanda 118, 140, 149, zikatulia 151. Akanionyesha tu hakusema kitu. Nikarudisha motoni dakika chache zikafika 167. Kwa macho lilikuwa lilelile, hakuna kilichobadilika nje.

Na hiyo themomita nayo inapimwa. Unajaza glasi barafu, unaongeza maji kidogo, unakoroga, unaichomeka bila kugusa chini, lazima isome 32. Isiposoma 32 irekebishe au itupe.

Ukitaka kujua kwanini nyama ya kusaga wanaikazania hivyo, ni historia ya hapahapa. Mwaka 1993 watu zaidi ya 700 waliugua bakteria ya E. coli kutokana na baga za migahawa ya Jack in the Box ambazo hazikuiva, wengi wao jimbo hili la Washington, na watoto wanne walifariki. Sheria ya Washington wakati ule tayari ilikuwa inataka digrii 155, ya taifa ilikuwa 140. Nyama nzima vijidudu vinakaa juu moto unavikuta hapohapo, ukiisaga umevichanganya mpaka katikati. Wazee wa jikoni huku bado wanaitaja hiyo 1993, na sasa unajua kwanini kwenye mtihani baga haikosekani.

Kupoza chakula ndio wanaanguka wengi kutoka kwetu, kwasababu inapingana na malezi. Kwetu chakula kisichofunikwa ni aibu, unafunika maharage na sufuria yake, yanalala juu ya jiko, asubuhi unapasha. Huku hiyo sufuria inatupwa yote. Nilishuhudia sufuria ya supu kama lita ishirini imeingizwa friji imefunikwa vizuri usiku, asubuhi ukichomeka themomita katikati 80. Yaani nje baridi katikati bado uvuguvugu usiku kucha. Ikamwagwa sinki, aliyeipika amesimama anaangalia. Njia rahisi wanayofundisha Washington ni trei la kina kifupi, chakula kisizidi inchi mbili, kama sentimita tano, kinaingia friji wazi, hakifunikwi mpaka kipoe kifike 41, na kiwe shelfu ya juu kisidondokewe na kitu, usipange trei juu ya trei. Njia nyingine ni ya saa, kutoka 135 kifike 70 ndani ya masaa mawili, halafu kifike 41 ndani ya masaa manne yanayofuata, hapo unapima unaandika. Inchi mbili, wazi, shelfu ya juu. Litakuja kwenye mtihani hilo.

Mikono. Sekunde 20 jumla, sabuni na maji ya moto kiasi, unasugua mpaka kati ya vidole na kucha, unakausha kwa karatasi, na karatasi hiyohiyo ndio unafungia bomba. Ukitoka chooni unanawa mara mbili, kule chooni na tena ukiingia jikoni. Unanawa kwenye sinki ya mikono tu, sio sinki ya mboga wala ya vyombo, na sinki ya mikono haimwagiwi barafu wala haiwekewi ndoo, mkaguzi akikuta hivyo ni kosa. Chakula ambacho hakirudi motoni, saladi, mkate, matunda, hukigusi kwa mkono mtupu hata kama umenawa mpaka kiwiko, ni glavu au koleo. Na kabla ya kuvaa glavu unanawa, swali la mtego hilo, watu wanadhani glavu ndio kunawa.

Hapohapo kuna kuonja. Ile yetu ya kudondoshea mchuzi kwenye kiganja, unalamba, unafikiria, unaongeza chumvi. Mi mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, wiki mbili nzima nilikuwa nikiinua mwiko nasikia nyuma yangu mtu anakohoa. Huku unachukua kijiko safi, unaonja mara moja, kinaenda kuoshwa, ukitaka kuonja tena unachukua kingine. Vijiko vinaisha, ndio.

Kuyeyusha nyama, usitoe kuku asubuhi ukamwacha kwenye sinki mpaka jioni. Ni ndani ya friji, au chini ya maji baridi yanayotiririka, au kwenye maikrowevu kama unapika saa hiyohiyo. Kupanga friji, vilivyoiva na vinavyoliwa hivihivi juu, chini yake samaki na nyama nzima, chini yake nyama ya kusaga, chini kabisa kuku, maana kila kitu kinachuruzika kwenda chini na kuku ndio anataka moto mkubwa. Vyombo, osha, suuza, ua vijidudu, acha vikauke vyenyewe kwa hewa, usifute na taulo. Dawa ya jiki ni kijiko cha chai kimoja kwa galoni moja ya maji, sio ile ya kwetu ya kumwaga mpaka macho yawashe, ikizidi nayo ni sumu.

Aleji usiipite haraka. Marekani wanahesabu vitu tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, lozi na korosho na wenzake, karanga, ngano, soya, na ufuta ambao uliongezwa kisheria kuanzia 2023. Kwetu mtu akisema karanga zinamdhuru tunamwambia toa tu pembeni. Huku mtu anaweza kufa kwa kijiko kilichopita kwenye mchuzi wa karanga, kwahiyo mteja akikuuliza kuna nini humu na haujui, sema sijui nikuitie anayejua. Usibahatishe ili uonekane mchangamfu.

Sasa lile tumbo. Ukiharisha, ukitapika, ukiwa na macho au ngozi ya njano, unamwambia meneja na haushiki chakula. Kuharisha na kutapika unasubiri mpaka yapite masaa 24 tangu dalili zimeisha, ya njano hiyo ni mpaka idara ya afya iseme. Koo linauma na homa, au kidonda chenye usaha mkononi, nayo unasema. Kwenye mtihani ni swali rahisi kila mtu anapata. Kwenye maisha ni saa kumi alfajiri umeamka umeharisha mara tatu, kodi ni tarehe moja, na hujui ukipiga simu wataendelea kukupangia shifti au la. Nyumbani kikopo kingekusemea, huku hakuna wa kukusemea, ukinyamaza unaingia na norovairasi jikoni, kile kirusi cha kutapika na kuharisha, na hiyo haihitaji hata uchafu wa kuonekana kumpata mtu wa meza ya tano.

Ndio maana lazima ujue na hii, ambayo kwenye video hawaisisitizi: jimbo la Washington tangu Januari 2018 lina sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, kila masaa 40 unayofanya kazi unajiwekea saa moja, hata ukiwa wa muda, na unaanza kuitumia ukifikisha siku ya 90 tangu uanze kazi. Angalia kwenye risiti yako ya mshahara, masaa yako wanatakiwa wakuonyeshe kila mwezi. Miezi mitatu ya mwanzo ndio migumu, hata hivyo piga simu. Tuma na meseji ili ibaki maandishi: naumwa tumbo, nimetapika, siwezi kushika chakula leo. Andika hivyohivyo, usiandike "sijisikii vizuri", maana sijisikii vizuri atakwambia njoo tu, nimetapika hawezi kukwambia njoo.

Hatua ya 5: Mtihani

Ni maswali ya kuchagua, unatakiwa upate asilimia 80. Tafuta saa ambayo watoto wamelala, tumia kompyuta kama ipo ingawa simu inafaa. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, wale wenye majina manne wachague mapema yapi yaende, maana ikitoka kadi imeandikwa jina la ubatizo na kazini wanakujua kwa jina la babu mtaanza kuelezana.

Mtego wa mtihani ni kwamba majibu yote yanaonekana ya mtu msafi. Kwa mfano umemaliza kukata kuku mbichi, unataka kukata nyanya ubao uleule, ufanyeje: ufute kwa kitambaa kikavu, usuuze kwa maji ya moto, au uoshe usuuze na uue vijidudu? Wengi wetu mkono unakwenda kwenye maji ya moto. Ni la tatu. Ukiona swali kuhusu mgonjwa jibu ni asiende kushika chakula, hata wakikuwekea la kuvaa barakoa na glavu mbili. Ukiona chakula kimekaa nje hakijulikani tangu lini jibu ni tupa, hata kama roho inauma. Na neno la kukataa, lile la "sio", wanaliweka katikati ya sentensi, soma swali mara mbili.

Ukianguka usilie, rudi kwenye kitabu urudie sehemu uliyokosea ndio ujaribu tena, usirudie papohapo kwa hasira.

Hatua ya 6: Kadi ikitoka

Iprinti, isaini, jitumie kwenye imeli, piga na picha. Nakala ibaki kazini kwenye faili maana mkaguzi anaziomba. King County, kaunti yenye Seattle, utaona dirishani kwenye migahawa kuna zile sura za katuni zinazotabasamu, zilianza 2017, zinatokana na ukaguzi, kwahiyo meneja wako anazililia zile sura na kadi isiyopatikana siku ya ukaguzi ni kelele kwako.

Kadi ya kwanza inakaa miaka miwili. Ukiirenew kabla haijaisha, ndani ya zile siku 60 za mwisho, inayofuata ni miaka mitatu, unafanya mtihani tena na dola 10 tena. Ukiiacha ikaisha hata siku moja unarudi kwenye ya miaka miwili. Na ukiwa na mafunzo ya ziada ya usalama wa chakula uliyoyapata ndani ya miaka miwili iliyopita unaweza kupewa ya miaka mitano, peleka cheti idara ya afya waulize.

Hiyo ya mafunzo ya ziada inanileta kwenye cheti cha meneja, ambacho ni kitu kingine kabisa. Tangu Machi 2023 jimbo linataka migahawa mingi iwe na angalau mtu mmoja mwenye cheti cha meneja wa usalama wa chakula. Mtihani wake ni mrefu, huo wa ServSafe kwa mfano, moja ya zile kampuni za nchi nzima, ni maswali 90 ndani ya masaa mawili, unasimamiwa, na cheti kinakaa miaka mitano. Hapa sasa ServSafe inakubalika, pamoja na kampuni nyingine zenye ithibati. Hakichukui nafasi ya kadi ya dola 10, unabaki nazo zote. Kama umeshakaa jikoni mwaka mmoja na Kiingereza cha kusoma kimeanza kukaa, muulize bosi kama atakulipia, maana anahitaji mtu na wewe unahitaji dola mbili tatu zaidi kwa saa. Mi nilimuuliza siku ambayo mwenye cheti alikuwa ametoa notisi ya kuacha kazi, sikukaa siku mbili nikajibiwa.

Mwisho kabisa kwa akina mama wa sambusa na mandazi kwenye sherehe za jumuiya: ukiuza kwa watu wote kwenye tamasha au sokoni unahitaji kibali cha muda cha kaunti, na angalau msimamizi wa meza awe na kadi hii mfukoni. Ombeni wiki kadhaa kabla, dakika za mwisho bei inapanda. Na bebeni themomita, ndoo ya dawa, na dramu la maji lenye bomba linalobaki wazi lenyewe ili mtu anawe mikono miwili, maana hicho ndicho kitu cha kwanza mkaguzi anachokitafuta kwa macho kabla hata hajasalimia.